Begi la laki tano, nauli ya elfu thelathini

Leo siasa naziweka kando kidogo.

Kila likizo inapokaribia kuna swali moja ambalo vijana wenzangu hawachoki kuniuliza: "Kaka, nataka kusafiri kwa mara ya kwanza, mwenyewe, kwa hela ya kuungaunga. Ninunue begi gani la mgongoni?" Kabla sijajibu, mtu ananionyesha picha kwenye simu. Begi la lita 65, lina mikanda kama parachuti, na mvaaji wake ni Mzungu mwenye ndevu aliyesimama juu ya mlima wenye theluji.

Jibu langu fupi ni hili: usinunue hilo. Nunua begi la mtumba, dogo, la lita 30 hadi 40, halafu nenda kakate tiketi. Jibu refu ndilo linalofuata, na mnisamehe kama litawaudhi wenye maduka.

Tuanze na hesabu, maana sisi wa kada ya "mshahara unaishia tarehe 12" hatuwezi kuzungumza safari bila hesabu. Mabegi makubwa ya safari ya kampuni kama Osprey na Deuter huuzwa dola 200 na kuzidi huko yanakotoka. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama laki tano, na hujalipia kulisafirisha. Sasa tazama upande wa pili. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, basi la masafa marefu la daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilometa kwa kila abiria. Kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni karibu kilometa 300. Piga mwenyewe: kama elfu kumi na nne na nusu kwenda, na nyingine kurudi. Kwa kiwango hicho, bei ya begi lile ingekupeleka Korogwe na kukurudisha mara 17.

Mara kumi na saba, jamani! Halafu mtu anakwambia hajasafiri kwa sababu "bado najipanga, sina vifaa".

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Tumeaminishwa kwamba kusafiri ni fani yenye sare yake, na kwamba asiye na sare hiyo akae nyumbani. Matokeo yake tuna kijana wa Sinza mwenye shahada ambaye anaijua Bali kwa picha, lakini Korogwe anaijua kama mahali ambapo basi la Arusha husimama watu wakanunua matunda dirishani. Kinachomzuia si umaskini peke yake. Mzigo wa vitu vya kununua kwanza nao unamzuia.

Nichukue safari moja ninayoifahamu ili tusiongee hewani: Dar hadi Magoma, wilayani Korogwe. Magoma iko kwenye bonde la Lwengera, Usambara Mashariki ikiwa upande mmoja na Usambara Magharibi upande mwingine. Si kituo cha watalii, na ndiyo maana naipenda kama mfano. Utatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, upite Chalinze na Segera, ushuke Korogwe. Hapo utatafuta gari dogo la kuingia bondeni. Ukishuka Magoma na unakokwenda kukiwa ndani zaidi, kuna bodaboda.

Sasa lipitishe begi lako kwenye njia hiyo. Kwenye basi kubwa, lita 65 zinakwenda kwenye buti, chini ya gunia la mtu na ndoo ya mafuta ya mtu mwingine. Kwenye gari dogo hakuna buti la maana. Litapanda juu kwenye keria, lile vumbi na mvua, au konda akudai nauli yake kana kwamba ni abiria. Kwenye bodaboda ndiko kwenye kilio: begi zito mgongoni kwa abiria linamvuta nyuma kila pikipiki inapopanda kilima, na dereva atakwambia ulishushe aliweke juu ya tangi, ambako sasa linamzuia kukata kona. Lakini begi la lita 35 unalipakata kwenye basi, unalibana katikati ya miguu kwenye gari dogo, na kwenye pikipiki unalivaa na kukaa wima. Halitoki mikononi mwako tangu Mbezi. Ukisinzia Chalinze, linasinzia nawe.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: begi lipimwe kwa chombo kitakacholibeba, si kwa picha. Wale wenzetu wa nje wanapimia treni zenye rafu na hosteli zenye makabati. Sisi tunapimia magoti.

"Lakini kaka, rahisi ni ghali." Nakubali, ila tuseme rahisi ipi. Kuna mabegi mapya yanayoning'inizwa barabarani, yenye nembo kubwa ya kampuni fulani na bei ambayo kampuni hiyo hata kitambaa isingepata. Hayo ndiyo rahisi iliyo ghali. Kitambaa kinang'aa, zipu inakufa wiki ya pili, mkanda unang'oka siku umechelewa basi. Mtumba ni habari nyingine. Begi ambalo mtu wa Ulaya alilitumia miaka mitano na bado limesimama limeshafanyiwa mtihani kwa niaba yako. Kama lingekuwa bovu, lingekuwa limekufa huko huko. Uwe Karume kule Ilala au Tangamano kule Tanga, ukiwahi wakati belo linafunguliwa, utapata begi la maana kwa sehemu ndogo sana ya bei yake ya asili.

Ila mtumba unataka macho. Mambo ya kukagua ni haya:

1. Zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi, hasa kwenye kona. Zipu inayokwama sokoni itapasuka stendi. Ukikuta herufi YKK kwenye kichwa chake ni dalili nzuri, ingawa nazo huigizwa, hivyo mkono wako ndio shahidi.

2. Mikanda ya mabegani. Ivute kwa nguvu pale inapoungana na begi, juu na chini. Unataka kuona mshono uliorudiwa mara nyingi mahali pamoja, na mkanda ulioingia ndani ya mshono wa begi, si uliobandikwa juu yake.

3. Ndani. Geuza mfuko nje. Mabegi mengi yana utando wa plastiki ndani ya kitambaa wa kuzuia maji. Begi likizeeka utando huo huoza, unanata mkononi na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Hilo halifuliki wala halitengenezeki. Liache.

4. Mkanda wa kiunoni. Huu wengi huupuuza, wengine huukata eti unasumbua. Kazi yake ni kuhamishia uzito kwenye nyonga, ambako mwili una nguvu, badala ya kuuacha mabegani. Ukaze juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni.

5. Urefu wa mgongo. Si kila begi ni la kila mtu. Mwombe muuzaji alijaze suruali za jinzi, ulivae, utembee nalo dakika kumi. Likikugonga makalioni au mikanda ikiacha uwazi begani, si lako hata kama rangi imekuvutia. Dada zangu hasa, mabegi mengi yameshonwa kwa mgongo wa mwanaume mrefu, msikubali kuambiwa "litazoea".

6. Rangi. Kijivu, kahawia, bluu iliyokolea. Vumbi la bondeni halina urafiki na njano. Na yale ya mabaka ya kijeshi, ambayo kwenye mitumba yamejaa tele, yapite mbali. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi. Hutaki kuanza kujieleza stendi kwa sababu ya begi la bei chee.

Kasoro ndogo zisikutishe. Buckle ya plastiki iliyovunjika, mshono uliofumuka, kitundu cha panya: hayo ni mambo ya fundi viatu wa mtaani kwako, mwenye sindano nene na uzi uliopakwa nta. Mara nyingi kazi yake ni imara kuliko ya kiwandani. Kama mvua inakutisha, weka ndani kiroba cha sukari kile chenye nailoni, halafu nguo zako ndani ya kiroba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kiroba kipo, na kinazuia maji kuliko makava mengi yanayouzwa kwa mbwembwe.

Nini kiingie ndani? Nguo za siku tatu hata kama unakaa kumi, maana sabuni ipo kila duka. Kanga au kitenge kimoja, ambacho ni taulo, shuka, pazia na mto kwa wakati mmoja. Tochi. Na kwa Magoma nasisitiza chandarua. Bonde la Lwengera ni la malaria tangu zamani. Si bure kwamba Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Wenyeji wanalala ndani ya chandarua, wewe mgeni usijifanye chuma. Jumla yote isizidi kilo saba au nane.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni haina kabisa. Begi la safari ya kwetu huondoka nusu na kurudi limejaa. Huwezi kwenda kijijini kwa watu mikono mitupu: kilo mbili za sukari, majani ya chai, miche ya sabuni. Mama mwenye nyumba atapokea, utamwamkia, utaonyeshwa pa kulala. Siku ya kuondoka itatokea ndizi, mchele, embe kama ni msimu, na Mungu akijalia kuku mzima aliyefungwa miguu. Kukataa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kunja mfuko mmoja mtupu chini ya begi: kikapu cha ukindu, au lile shangazi kaja la miraba. Msilidharau shangazi kaja. Kule Afrika Magharibi linaitwa "Ghana Must Go", tangu Nigeria ilipowafukuza Waghana zaidi ya milioni moja mwaka 1983, nao wakafungasha maisha yao ndani yake. Begi lililohamisha watu wote wale haliwezi kushindwa na mchele wako.

Na ukiwa ndani ya gari kuelekea Magoma, inua macho kwenye simu uangalie mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Ndugu yangu, begi lako la poliyesta ni wa ukoo ule ule ulioiangusha katani. Mambo hayo huyasomi kwenye lebo ya begi. Unayaona ukifika, na kufika kunataka nauli.

Wapo watakaosema nawakatisha watu tamaa ya kuwa na vitu vizuri. Hapana. Anayepanda Kilimanjaro, au anayelala kwenye hema siku tano porini, ana haki ya begi kubwa na la gharama. Mzigo wake unalidai. Na wewe, ukishasafiri mara nne au tano, utajua mgongo wako unataka nini, na siku hiyo ukitoa laki tano utakuwa unanunua kitu unachokijua. Lakini kwa safari ya kwanza hujui bado. Usilipe laki tano kwa ajili ya kubahatisha.

Kama hata la mtumba hulimudu, azima. Hakuna ukoo usio na begi moja juu ya kabati linaloota vumbi.

Jumamosi nenda sokoni, begi libebe Jumapili lililojaa vitabu uzunguke nalo mtaani, fundi alipitie Jumatatu. Ijumaa uwe Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Fedha uliyookoa kwenye begi ndiyo nauli, ndiyo chakula, ndiyo sukari ya mwenyeji wako.

Naomba kuwasilisha.