Ahadi si Kura

Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Methali hii yafaa iandikwe ukutani katika kila chumba ambamo waandishi wa habari wa Marekani huketi kuhesabu wajumbe wakati wa kura za mchujo.

Yafaa kwanza kuueleza utaratibu wenyewe. Wananchi wa Marekani hawamteui mgombea urais wa chama moja kwa moja. Hupiga kura jimbo baada ya jimbo. Kura hizo huzaa wajumbe. Na wajumbe ndio wamteuao mgombea katika mkutano mkuu wa taifa. Lakini tangu uchaguzi wa 1984 chama cha Democratic kilikuwa na wajumbe wa aina ya pili: wabunge, magavana na viongozi wa chama, walioingia mkutanoni kwa vyeo vyao bila kufungwa na kura ya mwananchi yeyote. Hao waliitwa wajumbe wakuu. Mwaka 2016 walizidi 700.

Hapo ndipo kosa lilipoota. Mjumbe wa aina ya kwanza ni tunda la kura iliyokwisha kupigwa. Mjumbe mkuu aliyemwambia mwandishi kwamba anamtaka fulani ametoa ahadi tu. Ahadi ni deni, lakini deni si fedha iliyo mkononi. Na mfanyabiashara aandikaye madeni na fedha taslimu katika safu moja hujidanganya yeye na wenye mali.

Mwaka 2008 ulitoa ushahidi wa kutosha. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliufuata mchujo ule kwa sababu ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Ulipoanza, Hillary Clinton alikuwa mbele kwa wajumbe wakuu. Kisha wakaanza kuhama. John Lewis, mbunge wa Georgia aliyepata sifa kwa kupigania haki za watu weusi, alikuwa upande wa Clinton. Mwezi wa Februari akamwendea Obama, kwa kuwa watu wa wilaya yake ya uchaguzi walikuwa wamempigia Obama. Kila daftari lililomwandika Lewis kwa Clinton lilikuwa limehesabu kura isiyokuwapo.

Hata hivyo somo halikushika. Tarehe 6 Juni 2016 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba Clinton amekwisha kufikia wajumbe 2,383 waliohitajiwa. Majimbo sita, California likiwamo, yalikuwa yapige kura kesho yake. Shirika lilikuwa limewauliza wajumbe wakuu, likajumlisha majibu yao na wajumbe waliozaliwa na kura za wananchi. Ama wajumbe wakuu wenyewe wasingepiga kura mpaka mwishoni mwa Julai, huko Philadelphia.

Watetezi wa shirika husema kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Kweli, Clinton alikuwa mbele kwa kura na kwa wajumbe waliochaguliwa, wala ushindi wake haukuwa wa wizi. Lakini twalaumu njia na wakati. Mpiga kura wa California aliamka asubuhi ile akaambiwa kwamba shauri limekwisha, naye hajasema neno. Mwandishi anayetangaza yatakayotokea kana kwamba yametokea ameingia uwanjani katika mchezo aliopewa kazi ya kuutazama.

Watasema pia kwamba mnamo Agosti 2018 chama kiliwazuia wajumbe wakuu kupiga kura katika duru ya kwanza panapokuwa na ushindani. Ni vyema, lakini kanuni ya chama haiwafungi wahesabuji. Lililo bora zaidi ni mfano wa shirika lile lile. Joe Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024, Associated Press liliwauliza wajumbe, likaona kwamba waliomwunga mkono Kamala Harris wamepita nusu. Likaitoa hesabu hiyo, lakini likakataa kumwita mgombea mtarajiwa, likieleza kwamba wajumbe wangali huru kumpigia wamtakaye.

Lililowezekana mwaka 2024 liliwezekana mwaka 2016. Basi na ziwe safu mbili daima: moja ya kura zilizopigwa, nyingine ya ahadi zilizosikiwa, wala jumla yao isitangazwe kuwa ushindi. Anayeona safu mbili ni nyingi mno kwa wasomaji wake anawadharau wale wale anaodai kuwahudumia.