Jeni moja, swichi tatu, na sisi watu wa ziwa

Wasee, tuongee selimundu. Huku kwetu Migori na Homa Bay si ugonjwa wa kusoma kwa kitabu tu. Malaria ndiyo iliufanya ukae: ukirithi jeni moja yake unapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ukirithi mbili unaumwa. Na bado kuna watu wanasema ni laana, ama ni damu ya mama. Zii. Lazima baba na mama wote wakupe.

Kitu kinanishangaza ni hiki. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa sawa. Miezi ya kwanza damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni, na hiyo haipindi chembe nyekundu. Halafu jeni inaitwa BCL11A inaizima. Haijapotea, manze, imezimwa tu.

Nani huipa BCL11A nguvu kwa damu? Ni enhansa, vipande vya DNA ambavyo kazi yake ni kuongeza sauti ya jeni. Hapa ziko tatu, ndani ya BCL11A yenyewe, na zinasukuma pamoja kama wavuvi watatu wakiingiza boti ziwani. Nguvu zao si sawa. Wanasayansi waligundua ukiharibu ile ya katikati pekee, boti inakwama: BCL11A inapungua, hemoglobini ya tumboni inarudi. Na kwa sababu enhansa hizo ni za chembe nyekundu, sehemu zingine za mwili zinaendelea kutumia BCL11A yao kama kawaida. Hivyo ndivyo Casgevy inafanya kazi, tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Mgonjwa mmoja! Na kwanza unapigwa kemo kali ya kusafisha uboho.

Sasa mimi nasema tusikae tukingoja Casgevy ifike Mbita. Kuna haidroksiyurea, dawa ya zamani, ya kumeza, na yenyewe pia huinua hemoglobini ya tumboni. Ilijaribiwa kwa watoto hapa Afrika, Kilifi ikiwemo, na matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Wanasiasa wakija kuomba kura 2027, waulizeni: hiyo dawa iko kwa stoo ya kila hospitali ya kaunti ndogo, ama mama ataambiwa akanunue nje? Na mtoto akizaliwa Ndhiwa leo usiku, nani anampima?