APANDAYE BASI NAYE NI MWENYE MJI

Wapo watu wanaodhani kwamba mfanyakazi asiye na motokaa katika Dar es Salaam ni mtu aliyeachwa nyuma na maendeleo. Hiyo ni kasumba, na yafaa ing'olewe.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu zaidi ya milioni 5. Wengi wao huenda kazini kwa daladala, kwa mwendokasi, kwa kivuko cha Magogoni au kwa miguu. Hao ndio wanaofungua viwanda, masoko na hospitali kila alfajiri. Wasifanywe wageni katika barabara zilizojengwa kwa kodi yao.

Tutazame hesabu. Basi refu moja la mwendokasi huchukua watu zaidi ya 100. Watu hao wakipanda motokaa, kila mmoja na yake, foleni yao itapita nusu kilomita. Basi abiria hamzuii mwenye motokaa, humpunguzia foleni.

Tumetoka mbali. UDA iliundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipokuwa hayatoshi, magari ya watu binafsi yakaruhusiwa mwaka 1983. Mwaka 2016 mwendokasi ukaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Kazi ilifanyika, na anayeibeza hasemi kweli. Lakini kutenga njia si kumaliza safari. Mara kwa mara mafuriko ya Jangwani yamekatiza huduma hiyo, na kando ya barabara nyingi mwenda kwa miguu hana pa kukanyaga ila ukingo wa mtaro.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Mabasi yawe ya kutosha, na yafike kwa saa zinazojulikana. Kila barabara mpya ijengwe pamoja na njia ya waendao kwa miguu. Na wakubwa wenye motokaa wasiingie katika njia ya mabasi kwa kisingizio cha haraka, maana hata mfagizi ana haraka.

Nasi abiria tuna wajibu wetu: tulipe nauli, tupange mstari, tusivunje viti ambavyo ni mali yetu.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Viongozi wanaopanga usafiri wa mji wapande basi japo siku moja kila juma, asubuhi, wakati wa msongamano. Apandaye basi hangoji kuandikiwa taarifa ya shida zake.