Kipande cha Sista wa Miaka 98
BARAZANI, na Athumani Mwinyi

Wamarekani wakizozana juu ya kitambulisho cha kupigia kura, sisi wa Pwani huwacheka. Kwetu hapa huingii hata jengo la serikali bila kumwachia bawabu kipande, sembuse kwenda kuchagua rais. Nami nilikuwa miongoni mwa wachekaji, mpaka niliposoma habari za masista wa South Bend.

Ilikuwa Mei 2008, siku ya uchaguzi wa mchujo jimboni Indiana. Kituo kilikuwa mle mle katika nyumba ya watawa. Wakashuka masista wapatao 12, wote wamepita miaka 80, mmoja ana 98. Karani aliyewapokea alikuwa sista mwenzao. Akawarudisha. Sheria ilitaka kitambulisho cha serikali chenye picha na ambacho hakijapitwa na wakati. Hao hawaendeshi gari, kwa hiyo leseni hawana, na wengine walikuja na pasipoti zilizokwisha muda. Ilikuwepo njia ya kupiga kura ya kusubiri, kisha upeleke kitambulisho ndani ya siku 10. Haya, nani atambeba bibi wa miaka 98 kumpeleka ofisi ya leseni?

Mahakama ya Juu ilikuwa imeihalalisha sheria hiyo wiki moja tu kabla, majaji 6 kwa 3. Jaji John Paul Stevens alikiri kwamba kumbukumbu za kesi hazikuwa na ushahidi wowote wa mtu kujifanya mwingine kituoni katika historia nzima ya Indiana. Hata hivyo akaipitisha, kwa kuwa walalamikaji hawakuthibitisha ni wangapi wangeumia. Hapo ndipo ninapokwama: serikali haikudaiwa mwizi, ila mlalamikaji alidaiwa majeruhi! Richard Posner, aliyeipitisha katika mahakama ya rufaa, alikuja kuandika 2013 kwamba sheria hiyo sasa yaonwa na wengi kuwa njia ya kuwazuia watu kupiga kura, si ya kuzuia udanganyifu. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Texas nao, kwa sheria yao ya 2011, walikubali leseni ya kubeba bastola kwa siri na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha serikali. Ukishachagua vipande, umeshachagua wapigaji kura.

Marekani haina kipande cha taifa ambacho kila mtu mzima lazima awe nacho. Sisi tunacho, ndiyo maana tunacheka. Lakini waulize Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, walikuwa hawana kipande, na bila kipande hakuna kura. Waulize Wanubi na Wasomali waliopigwa msasa na kamati za wazee. Nayo Katiba, kifungu cha 83, inaagiza mipango ya uandikishaji imrahisishie raia kupiga kura, isimnyime.

Mpwa wangu alitimiza miaka 18 mwaka jana. Ana karatasi ya kusubiria kipande, mwezi wa saba huu, na kila akienda kuuliza huambiwa arudi wiki ijayo. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mama yake ameitia kwenye nailoni.