Kodi ya Miezi Sita, Bumu la Siku Sitini

Muhula huu nalala sakafuni kwa mwanangu mmoja wa kozi nyingine. Chuoni tunaita kubebana, tunacheka, maisha yanaendelea. Lakini ukweli ni kwamba sina makazi. Nina begi, na kigodoro kinachosukumwa chini ya kitanda kabla ya ukaguzi.

Vyumba vipo. Nilizunguka Changanyikeni na Makongo siku mbili na dalali (hela ya kuzungushwa nililipa, nisipokipata chumba hairudi). Tulikuta cha elfu sabini, choo cha nje, luku ya kuchangia. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, dalali naye anataka mwezi wake. Piga hesabu: 420,000 jumlisha 70,000. Bumu la siku 60, kwa elfu kumi kwa siku, ni 600,000. Ukishalipa unabaki na 110,000 ya kula miezi miwili, nauli na fotokopi hujagusa. Na mimi nina afadhali, wapo wenzetu ambao bumu wanalisikia tu.

Sasa angalia jiji. Dar es Salaam inajua kubomoa na inajua kujenga. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na vibarua vyao vya mjini. Desemba 2015 tingatinga likashuka bonde la Msimbazi. Kwenye kujenga sibezi: hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, na kaya 644 za Magomeni Kota zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa 2022, ingawa zilisubiri miaka kama kumi.

Ila kondakta anayelala ndani ya daladala hayumo humo. Wala kijana anayelala juu ya meza yake ya biashara Kariakoo. Hawa wanashika hela kila siku, na chumba cha elfu sabini kwa mwezi wangekimudu. Kinachowashinda ni kukusanya ya nusu mwaka kwa mkupuo huku wanakula.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alianza kuchelewa kila siku. Nikamkaripia, kusema kweli. Baadaye akaniambia, "Mwalimu, kodi iliisha, tumehamia kwa bibi." Alikuwa anapanda daladala mbili. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, na hesabu ameipoteza.

Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005, na tangu hapo ni wewe na mwenye nyumba wako. Viongozi wamewahi kukemea kodi ya mkupuo majukwaani, lakini mwenye nyumba haogopi jukwaa.

Namwelewa naye. Amejenga tofali kwa tofali, na wapangaji wanaohama usiku na deni la maji wapo, tena wengine ni sisi wanachuo. Kwa hiyo nisingetaka sheria ya kumkomoa. Nataka kodi ya mwezi kwa mwezi, dhamana ya mwezi mmoja, mkataba wa maandishi, na chombo ngazi ya kata kinachosikiliza kesi ya deni ndani ya wiki mbili badala ya miaka. Hapo hana sababu ya kushikilia miezi sita.

Bunge litachelewa, najua. Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kuanza kesho: iwaandikie wenye nyumba wa jirani, iwadhamini wanafunzi, kodi ilipwe kila bumu linapotoka. Yule mama wa chumba cha elfu sabini nilimuuliza. Akasema, "Mwanangu, niletee barua yenye muhuri wa chuo, nitachukua miezi miwili miwili." Barua nimeshaiandika. Ipo kwenye begi, inasubiri muhuri.