Gari limevutwa, sasa lilale wapi?

Kila mtu mwenye gari Kitale ana namba ya msee wa brekidauni kwa simu yake. Lakini mwambie huyo msee anataka kufungua yadi kwenye ploti iliyo nyuma ya nyumba yake, na ghafla hamjui tena. Biashara nyingi ndogo za kuvuta magari zinakufia hapo. Mimi nasema kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kuziokoa bila kutunga sheria mpya hata moja.

Kuvuta gari ni nusu ya kazi. Umetoa pikapu iliyoingia mtaroni Kamukuywa, ama matatu iliyozima Kiminini usiku. Unaipeleka wapi? Mwenyewe yuko Nairobi anatafuta pesa. Watu wa bima wanasema mkaguzi atakuja wiki ijayo. Fundi naye hataki gari likae kwake kama hajapewa kazi. Kwa hivyo gari linahitaji mahali pa kulala, pengine siku tatu, pengine miezi mitatu. Msee asiye na yadi analiegesha petroli stesheni ama kando ya barabara, na kukicha betri imeenda, taa zimeenda, hata vioo vya pembeni vimeenda. Lawama? Zote zake.

Magari ya ajali ndiyo hupelekwa kituo cha polisi, na hali ya huko unaijua. Pita tu nje ya vituo vyetu vikubwa uhesabu mabati yaliyoota nyasi.

Na hizi si barabara za mchezo. Bungoma iko kwenye njia kuu ya kwenda Malaba, ambako malori ya Uganda na Rwanda yanapita usiku na mchana. Kitale ndiyo mlango wa Kapenguria, Lodwar na Sudan Kusini. Lori likizima gizani na lisiondolewe mapema, anayekuja nyuma na pikipiki yenye taa mbovu ndiye atakayelipata. Tunataka watu wengi zaidi wa kuondoa magari barabarani, si wachache.

Sasa sheria. Vijana wengi wakisikia "ruhusa ya kaunti" wanafikiria leseni ya biashara, ile ya kulipia kila mwaka. Hapana. Leseni hiyo haibadilishi matumizi ya ploti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahesabu kubadilisha matumizi ya ardhi kuwa "maendeleo", hata kama hujaweka tofali moja. Shamba la mahindi ukilijaza magari mabovu, tayari umeendeleza. Bila ruhusa ya kaunti, faini inaweza kufika 500,000. Hiyo pesa inazidi mtaji wa vijana wengi ninaowajua.

Na kama ploti ni ya kukodi nje ya mipaka ya manispaa, ambayo bado ni ardhi ya kilimo, kuna mlango mwingine: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Mkataba wa kukodi ardhi kama hiyo unahitaji idhini yake, na maombi yanafaa kupelekwa ndani ya miezi 6. Ukikaa kimya, mkataba wako ni karatasi ya kufungia mandazi. Wakati huo wote mwenye ploti anataka kodi yake, maana kodi haingoji kikao.

Majirani wana haki ya kupinga, na sitawacheka. Wanapewa siku 14 kutoa maoni, na wanayosema mara nyingi ni kweli. Oili inamwagika na kufuata maji ya mvua hadi kisimani. Asidi ya betri si maji. Tairi kuukuu zinashika maji na kuzaa mbu. Saa nane usiku Canter inaingia ikinguruma, mtoto anaamka. Halafu kuna ile hofu ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini, kwamba yadi ni mahali pa kuchinjia magari ya wizi. Wengine wanachinja kweli. Mwenye yadi anayejibu hayo yote kwa kusema "mnapinga hustler" hajajibu kitu.

Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kaunti kukubali kwa masharti, na hapa ndipo ninapolia na maafisa wa mipango. Kwa nini jibu liwe ndiyo ama hapana tu? Mwambie kijana: magari yasizidi 15, ua wa mabati, sakafu ya saruji pale panapowekwa gari linalovuja, betri zitolewe na kuwekwa chini ya paa, na daftari lenye namba ya kila gari na aliyelileta, ambalo polisi wanaweza kulikagua siku yoyote. Mpe mwaka mmoja. Akivunja sharti, mfungie. Jirani hapo anapata kitu cha kushika, maana saa hii yadi za kimyakimya zipo na hazina sharti lolote.

Kaunti pia zingeweza kutenga mahali mapema badala ya kungoja vita vya ploti moja moja. Webuye, kwa mfano. Barabara ya Kitale inakutana pale na ile ya Malaba, na ni mji uliozoea viwanda tangu miaka ya 1970. Mtu aliyelelewa na harufu ya Pan Paper hatashtuliwa na Canter yenye winchi. Shida ni kwamba mipango ya ardhi ni kazi ya kila kaunti kivyake, hivyo anayetaka yadi Kitale na nyingine Webuye anapanga foleni mara mbili. Kaunti hizi zinapakana na zinatumia barabara moja. Zikishindwa kukubaliana hata juu ya fomu moja, basi sijui.

Kuna jambo moja zaidi, na kulisoma hakuhitaji digrii. Mimi mwenyewe sina. Kifungu cha 58 kinasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Tamu sana kwenye karatasi. Ila kanjo akija kwenye geti lako hatakubali kimya cha ofisi kama kibali. Kwa hivyo ukipeleka maombi, beba nakala mbili. Moja iachwe, nyingine igongwe muhuri na tarehe, na usitoke pale kabla haijagongwa. Na ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha hesabu: una siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti.