Ugonjwa wa Gari Unaojificha



Yuko mgonjwa ambaye homa humshika usiku na kumwacha asubuhi. Akifika kwa mganga, haonekani kuwa na neno. Gari nalo hupatwa na ugonjwa wa namna hiyo. Linazima njiani ghafula. Dereva ashuka, afungua boneti, aifunga tena, na gari lawaka kana kwamba halikuzima kamwe.

Watu wa Epulu wanajua uzito wa jambo hili. Kijiji chao kimo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, katika msitu wa karibu kilomita mraba 14,000. Barabara yao kubwa ni moja tu, ile itokayo Kisangani kuelekea Mambasa na Bunia. Mashimo hutikisa gari na kulegeza nati. Unyevu wa msitu hula shaba. Nyaya husugua chuma hata ngozi yake ikatoboka. Gari likizima humo usiku, nalo limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa akipelekwa Mambasa, uhai wa watu wawili umo hatarini.

Fundi asiye na subira hufanyaje? Leo huagiza betri mpya. Juma lijalo huagiza altaneta. Baadaye stata. Fedha zimekwisha, na ugonjwa upo pale pale. Alitafuta kifaa kilichokufa, kumbe vyote ni vizima. Umeme unaokatika kisha ukarudi, mara nyingi sababu yake ni kiungo kilicholegea, kilichoota kutu, au waya uliokatika nusu.

Basi, ninyi vijana mnaojifunza ufundi, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, mwulizeni dereva kabla ya kushika spana. Gari lilizima baada ya mvua, au injini ilipopata moto, au lilipopiga shimo? Tena, ni vitu gani vilivyozima pamoja? Swali hili lafaa kuliko yote. Kama taa, honi na injini vilikufa kwa mara moja, tazameni mahali panapovilisha vyote: betri na nyaya zake nene. Kama taa zilibaki zikiwaka lakini injini ya diseli ilizima, fuateni waya uendao kwenye pampu ya mafuta. Katika magari mengi ya diseli ya zamani, pampu ina vali ndogo ya umeme. Ikikosa umeme hufunga mafuta, na injini huzima papo hapo.

Pili, safisheni vichwa vya betri na kuvikaza. Mkivifungua, anzeni na upande wa hasi. Mkivirudisha, hasi uwe wa mwisho. Fuateni waya wa hasi hata mahali unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kwanguni rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kazeni, kisha pakeni grisi. Halafu wekeni mkono mmoja wa mita ya umeme kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini, na mwenzenu azungushe stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia hiyo ya umeme bado ni mbovu.

Tatu, msidanganywe na mita. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu waweza kuonyesha volti 12 kamili, lakini ukipewa kazi washindwa. Tumieni balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea 2. Ikififia, mmepata njia ya ugonjwa.

Nne, mtikiseni mgonjwa makusudi. Injini ikiwa inanguruma, shikeni fungu moja moja la nyaya na kulitikisa polepole, hasa zinapopita katika tundu la chuma. Jihadharini na feni na mikanda. Kamwe msifungue betri wakati injini inazunguka, maana altaneta yaweza kuungua.

Neno moja la kuonya. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wako watu wanaoweka kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ni mlinzi. Mkimwondoa, waya utapata moto mahali msipopaona, na gari zima laweza kuteketea.

Kazi yote hii yataka asubuhi moja, msasa, spana na balbu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazeni nati leo mkiwa nyumbani, ili kesho msiitafute gizani msituni, huku mgonjwa akilia ndani ya gari.